Shawa Mpya ya Wati 7,500 Katika Nyumba ya Nyaya za Zamani

Watazamaji wangu, karibuni tena. Leo nimesimama katika bafu la mama yangu hapa Buruburu, Nairobi, mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1970, na nyaya zilizomo katika kuta hizi hazikuwahi kubadilishwa hadi juma hili. Mkononi nina shawa ya umeme ya wati 7,500, ambayo imechukua nafasi ya ile ya wati 5,500 aliyoitumia kwa miaka tisa. Rangi zake na idadi ya matundu mtajisomea kwenye kasha, kwa hiyo sitawachosha nayo.

Nianze na lililonikera, kwa kuwa nisipolitoa sitaweza kusifia chochote. Kasha linamwambia mnunuzi kwa maandishi makubwa kwamba atoe shawa ya zamani, afunge mpya mahali pale pale, aoge. Unene wa waya unaohitajika umetajwa ndani ya karatasi ya maelezo, kwa herufi ambazo mama yangu hawezi kuzisoma hata akiwa na miwani. Hilo ndilo jambo lililopaswa kuandikwa juu kabisa.

Sasa tazameni hiki ninachokisogeza karibu na kamera. Ni konekta iliyokuwa imeunganisha shawa ya zamani na nyaya za ukutani, na tumeitoa baada ya fundi kuzima swichi kuu na kuhakikisha kwa testa kwamba hakuna umeme. Plastiki hii ilikuwa nyeupe. Leo ina rangi ya chai ya rangi, na skrubu ya upande huu imezama ndani ya plastiki iliyoyeyuka. Nikiukunja waya wenyewe, ganda lake linapasuka na kudondoka kama ganda la kitunguu kikavu. Shaba iliyo ndani, ambayo ingepaswa kung'aa, imekuwa nyeusi.

Nawaomba mnifuate katika hesabu ndogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Umeme wetu ni wa volti 240, hivyo shawa ya zamani ilivuta karibu ampea 23 na hii mpya inavuta zaidi kidogo ya 31. Ongezeko hilo ni kama theluthi moja, na mtu anaweza kudhani kwamba si kitu. Lakini joto linalozaliwa ndani ya waya hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo waya uleule ungepata joto linalokaribia maradufu. Kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kilikuwa kikitoa wati 52, joto linalotosha kuyeyusha risasi ya kuchomelea. Kwa shawa mpya kingetoa karibu wati 98, ndani ya ukuta, sentimita chache juu ya kichwa cha mtu anayeoga.

Waya uliokuwepo ni wa milimita za mraba 2.5, waya wa soketi za kawaida, na ulikuwa umeelemewa hata na ile shawa ya zamani. Mtauliza, mbona fyuzi haikukatika? Tulipofungua ubao wa fyuzi, za aina ile ya kufungwa waya kwa mkono, tulikuta kwamba kuna aliyefunga uzi mnene wa shaba badala ya uzi mwembamba uliostahili. Fyuzi ya namna hiyo haimlindi mtu yeyote, na niliposhika kile kipande cha shaba nilikosa la kumwambia mama.

Kwa hiyo fundi wetu, mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati hapa Kenya, amevuta waya mpya wa milimita za mraba 6 moja kwa moja kutoka kwenye ubao mpya hadi hapa bafuni, usiogawana chochote na soketi wala taa. Ameweka breka ya ampea 40, kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyo nje ya mlango wa bafu. Waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, nao umefika kwenye shawa, na huu msikubali ukatwe wala kukunjwa pembeni, kwani katika shawa nyingi za aina hii koili ya kupasha maji iko wazi ndani ya maji yenyewe. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi watafute zile zenye koili iliyofunikwa, maana maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Na sasa ninachokipenda! Kirekebishi hiki cha joto hakina zile hatua tatu za baridi, vuguvugu na moto. Kinazunguka polepole na joto linapanda nacho polepole. Nimeweka ndoo ya lita 10 na kipimajoto, na maji ya tangi asubuhi hii ya Julai yana nyuzi 17. Ndoo imejaa kwa dakika mbili, na maji yamefika nyuzi 38. Shawa ya zamani, ili ifikie joto hilo, ingelazimu bomba libanwe hadi ndoo ichukue takriban dakika mbili na sekunde 40. Nakizungusha nyuma kidogo, kipimajoto kinashuka hadi 35 na kutulia hapo, bila ile baridi ya ghafla inayomfanya mtu aruke.

Kuhusu tokeni, dakika nane kwa nguvu zote ni uniti moja kamili. Shawa nimeinunua kwa shilingi 6,500, ilhali waya, ubao, swichi na kazi ya fundi vimenigharimu zaidi ya mara mbili ya hapo. Najua wengi mtaniuliza juu ya shawa za Lorenzetti za Brazili, nami najibu kwamba hesabu ya waya haibadiliki kwa jina. Nilipoanza kurekodi niliamini kwamba shawa ya papo hapo ndiyo chaguo la kila nyumba, lakini kwa asiyeweza kubadilisha nyaya mwaka huu, sasa naona boila ya wati 1,500 ni bora, kwani huvuta ampea sita na ushei tu, ingawa lita 50 zitamchukua zaidi ya saa moja na nusu kupata moto. Nitaipima hapa katika video ijayo, pamoja na majibu ya maswali yenu.

Shawa nimeipa alama nane kati ya kumi, na mbili nimezikata kwa sababu ya karatasi ile ya maelezo. Mama yuko mlangoni na taulo lake, kwa hiyo nampisha.