Raki ya bei poa kwa seva za nyumbani: ipi uchukue na ipi uachane nayo

Karibu kila mtu anayetafuta raki (ile fremu au kabati la chuma la kupangia vifaa) ya seva zake za nyumbani anaanza na swali la "nichukue U ngapi", yani raki iwe na nafasi ngapi kwenda juu, sita, tisa, kumi na mbili, wakati kitu kitakachokuja kumtesa ni kina, yani kutoka mbele ya raki mpaka nyuma. Upana hauna ubishi, raki za kawaida ni za inchi 19, paneli ya mbele ni milimita 482.6 na U moja ni milimita 44.45, iko hivyo popote utakaponunua. Kina sasa, kila kiwanda na lake. Swichi ya mtandao na pachi paneli (ile paneli ya kukusanyia nyaya za mtandao) mara nyingi hazivuki sentimita 30 lakini seva ya mtumba iliyotoka ofisini, mfano Dell PowerEdge R720, inafika sentimita 70 hivi na hapo bado hujachomeka waya wa umeme kwa nyuma. Ongeza kama sentimita 10 za plagi na nyaya kukata kona. Kwa hiyo chukua tepu, pima kifaa chako kirefu kuliko vyote (au kile unachojua kabisa utakuja kukinunua, maana ugonjwa huu tunaujua), andika namba pembeni, na utashangaa nusu ya raki ulizokuwa unazitamani zinavyojitoa zenyewe kwenye orodha.

Cha pili ni uzito. Seva ya 2U iliyojaa diski inaweza kukaribia kilo 30, na UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) yenye betri za risasi ndo kabisa usiiguse peke yako. Sasa tupange, kuanzia ninayoona inawafaa wengi mpaka ile ambayo ni jina tu.

Namba moja: fremu ya wazi ya miguu minne, kina cha kurekebisha

Hii ni chuma tupu, nguzo nne na vyuma vya kuziunganisha, haina mlango wala kuta. Inakuja imefunguliwa vipande kwenye boksi bapa, unaifunga mwenyewe kwa bolti, na uzuri wake mkubwa ni kwamba nguzo za nyuma zinasogea, nyingi unaweza kuzivuta kutoka sentimita 56 mpaka karibu mita moja. Leo una swichi na kompyuta mini mbili unaiacha fupi, kesho ukipata seva ndefu unalegeza bolti unaivuta, maisha yanaendelea. 12U inamtosha mtu wa kawaida, ukiona una kiu chukua 15U au 18U maana tofauti ya bei kati ya hizo huwa sio kubwa na eneo la sakafu ni lile lile.

Joto halisumbui kwa sababu hewa inapita pande zote. Kelele ndo inatoka yote, na vumbi linaingia lote, na kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa au paka anayependa sehemu za moto basi hapo jifikirie vizuri. Ila kwa bei unayotoa sijaona kitu kinachoikaribia, na ukija kuiuza siku moja haikai sokoni.

Vitu vya kukagua kabla hujalipa. Kwanza aina ya matundu: kuna ya mraba ambayo unaweka keji nati (nati iliyo ndani ya kichuma kinachojibana kwenye tundu), na kuna ya duara ambayo tayari yana nyuzi za skrubu. Chukua ya mraba. Reli nyingi za seva za kisasa (vyuma vya pembeni vinavyoibeba seva ndani ya raki), zile za kujibana bila skrubu, zinataka tundu la mraba zishike, ukiwa na matundu ya nyuzi utaanza kutafuta adapta au reli nyingine na ile nafuu uliyoipata imeliwa hapo. Pili, reli zenyewe zina kina cha chini na cha juu zinachokubali, kwa hiyo nguzo zako lazima ziangukie humo katikati, sio mradi seva imeingia. Tatu angalia kama miguu ina skrubu za kusawazisha au magurudumu yenye breki, fremu inayoyumba na ina kilo 80 juu yake ni hatari tu hamna namna nyingine ya kusema.

Na hapa niseme kitu kuhusu matundu maana kila mgeni anakwama hapa. Kila U ina matundu matatu kwa wima, lakini nafasi kati yake hazilingani: milimita 15.9, tena 15.9, alafu 12.7, halafu inajirudia. Ile nafasi nyembamba ndo mpaka kati ya U moja na nyingine. Ukianza kufunga kifaa kwenye tundu la katikati utaona kimekaa vizuri kabisa, unafurahi, unakuja kuweka cha juu yake hakiingii, kimebaki kama nusu kidole, unaanza kulaumu kiwanda. Tafuta nafasi nyembamba, tundu la juu yake ndo la kwanza la U yako. Fremu nyingine zimechorwa namba pembeni, ni neema, lakini za bei ya chini nyingi hazina, kwa hiyo weka alama na makapeni mapema kabla hujafunga chochote.

Namba mbili: raki ndogo ya inchi 10

Kama kila ulichonacho ni kompyuta mini, Raspberry Pi (kile kikompyuta cha bodi moja) na swichi ya poti nane, basi we soma hii kama namba moja na uachane na hiyo ya juu. Ni ndugu mdogo wa raki ya kawaida, U ni ile ile milimita 44.45 ila paneli ni milimita 254. Inakaa juu ya meza au kwenye shelfu la vitabu na mgeni akija hata haulizi. Kompyuta kama Lenovo ThinkCentre Tiny ina kama sentimita 18 kwa 18 na unene wa sentimita 3 na nusu, kwa hiyo inalala ndani ya 1U bila kubanwa. DeskPi RackMate T1 ni mfano wa hizi, ina 8U, na kama una printa ya 3D au una rafiki mwenye nayo, michoro ya vishikizo ya kila aina ya kifaa imejaa mtandaoni bure.

Shida yake moja haisemwi sana: adapta za umeme. Kila kompyuta mini inakuja na tofali lake na lile tofali halina pa kukaa, ukiwa na nne huko nyuma ni kiota cha nyaya. Wengine wanazifunga kwa nyuma na velkro, wengine wananunua chanzo kimoja cha umeme kinachogawa, lakini hapo uwe unajua volti na ampea unazocheza nazo, sio kubahatisha. Alafu ukishaingia huku hamna kurudi, seva ya kawaida haitaingia hata kwa dawa na UPS za raki karibu zote ni za inchi 19.

Namba tatu: kabati la ukutani

6U, 9U, 12U, lina mlango wa kioo na ufunguo, linapendeza, na ndo kosa linapoanzia maana watu wananunua kwa macho. Kina cha nje huwa sentimita 45 au 60, cha ndani kinapungua, na ukitoa nafasi ya nguzo ya mbele na nyaya unabaki na kidogo. Kwa swichi, pachi paneli, modemu, kinasa cha kamera na kompyuta mini moja au mbili juu ya shelfu, safi kabisa, ningelichukua bila kufikiri. Kwa seva ya ofisini sahau.

Mlango wa kioo unazuia hewa ya mbele, na vifaa vingi vinavuta hewa mbele na kuitema nyuma, kwa hiyo ukipata lenye mlango wa matundu matundu chukua hilo, na kama ni la kioo basi weka feni za juu. Ukuta nao una maneno yake: zege au tofali sawa, ukuta wa jipsamu lazima ushike kwenye mbao za ndani. Mi binafsi naona watu wanasahau kwamba kabati la ukutani sio lazima liende ukutani, liweke chini au juu ya meza imara, mengi yana sehemu ya kufunga miguu au magurudumu.

Namba nne: reli za raki na mbao

Unanunua vile vipande vya chuma vyenye matundu tu, vinauzwa kwa U, alafu unatengeneza boksi la mbao mwenyewe au unampa seremala. Kwa pesa ni rahisi kuliko fremu, na kina unaamua wewe. Sehemu ngumu ni vipimo: uwazi kati ya reli na reli uwe milimita 450 au zaidi kidogo, na kutoka katikati ya tundu la kushoto mpaka katikati ya tundu la kulia iwe 465.1. Seremala ukimwambia "kama sentimita 45 hivi" atakutengenezea kabati la nguo. Mpe pachi paneli moja aishike mkononi, apime nayo. Acha nyuma wazi. Kwa vifaa vyepesi mbele tu inatosha, ukiweka seva weka reli na nyuma.

Namba tano: meza ya Lack ya IKEA

Lazima niitaje maana kila mtu anaijua. Ile meza ndogo ya sentimita 55 kwa 55 ina miguu ya sentimita 5, ukitoa unene wa miguu miwili unabaki na 45 katikati, na watu wakagundua kifaa cha inchi 19 kinaingia humo utadhani kimepimiwa. Inachekesha na inafanya kazi, kwa swichi moja. Ila mguu wa ile meza sehemu kubwa ni tupu ndani, skrubu inashika ubao mwembamba tu, kwa hiyo usiitundikie seva ya kilo 20 kwa masikio yake ya mbele (vile vipande vya pembeni vya kufungia skrubu), itang'oka. Kwa kujaribu sawa, kwa kudumu hapana.

Ya mwisho: kabati zima la 42U la mtumba

Hili ndo jina tu. Linauzwa bei ya kutupa, saa nyingine ofisi inayohama inakupa bure, na we unaona umeokota dhahabu. APC NetShelter SX ya 42U ina urefu wa karibu mita 2, kina zaidi ya mita moja, na uzito wa kama kilo 125 likiwa tupu. Tupu! Pima mlango wako, pima ngazi, pima ile kona ya korido, hesabu rafiki zako wenye migongo mizima, alafu ndo umjibu muuzaji. Mwenye gereji au stoo ya chini anaweza kufaidi kweli, wa ghorofani aache.

Nimeruka zile bano za ukutani ambazo kifaa kinaning'inia wima, ni nzuri kwa swichi na pachi paneli na hazili nafasi. Fremu ya nguzo mbili nayo ni ya vifaa vya mtandao, seva ndefu inainamia nyuma. Maboksi ya wanamuziki ni inchi 19 pia na yana nguvu, tatizo ni kina, mengi ni mafupi.

Kwenye bajeti usihesabu raki peke yake, raki tupu haibebi kitu. Shelfu moja au mbili (ile ya kushika mbele tu ni ya vitu vyepesi, ya kushika nguzo zote nne ndo ya UPS na mizigo), soketi ya umeme ya 1U, keji nati na skrubu za M6 nyingi kuliko unavyodhani, na kile kichuma cha kuwekea keji nati maana bisibisi inateleza inakuchana kidole. Waya wa kutuliza umeme kutoka kwenye chuma cha raki mpaka kwenye athi nao usiruke.

Na kama unanunua raki ili seva ya 1U ipunguze kelele, pesa yako ikae. Feni za humo ni za milimita 40, zinazunguka kwa kasi kubwa na mlio wake mwembamba unapita hata mlango. Kinachosaidia ni kuhamia kasha la 4U linalokubali feni za milimita 120, na 4U hizo uwe umezihesabu kabla ya kuchagua urefu wa raki.

Siku ya kufunga anza chini: UPS kwanza, seva nzito juu yake, swichi na pachi paneli juu kabisa. Na fremu ikiwa haijafungwa ukutani wala sakafuni, usivute seva mbili nje kwa wakati mmoja.