Shujaa Okonkwo: je, jina linamfaa?
Shujaa Okonkwo ni tafsiri ya Clement Ndulute (1973) ya Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya 1958. Ukipata nakala kuukuu kwa wauza vitabu vya mitumba Kisumu, kagua mgongo kwanza: gundi ikishakauka, kurasa za mwisho hudondoka, na bila sura ya 25 huwezi kumhukumu Okonkwo.

Jina la Kiswahili limemvika ushujaa mapema mno. Kumbwaga mwanamieleka Amalinze, sawa. Lakini Ikemefuna, mtoto aliyemwita baba, alimkimbilia, naye Okonkwo akamkata kwa panga asije akaonekana mnyonge. Na mzee Ezeudu alikuwa amemwonya asishiriki kumuua! Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, aliponzwa na kivuli. Huyu, na woga. Anayestahili heshima zaidi ni rafiki yake Obierika, aliyejiuliza mapacha wake walikosa nini hadi wakatupwa.