Kozi ya kuchambua sauti kwa Praat: programu safi, mwalimu kanitibua

Jamani nililipia kozi ya mtandaoni ya kuchambua sauti za lugha kwa Praat, jina la kozi siliweki, lakini hasira bado ninayo. Programu yenyewe sina ugomvi nayo, ya bure, wameitengeneza Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ukizoea muonekano wake wa kizamani inakufanyia kazi kubwa mno. Shida mwalimu.

Tulipewa zoezi la kupima irabu zetu wenyewe, na mipangilio tukaambiwa tusiiguse. a, e, i zangu zimetoka safi, nafika kwenye "u" fomanti ya pili (fomanti ni yale masafa ambayo mdomo na koo vinayapa nguvu, ndiyo yanayotofautisha irabu) imeruka juu ya Hz 2000! "u" ulimi uko nyuma, midomo umeiviringa, hiyo fomanti inatakiwa ikae chini huko, hata 1000 kwa kawaida haifiki. Nikauliza kwa adabu kabisa, mwalimu ananijibu mbele za watu ati maiki yangu mbovu na nijifunze kwanza kutamka ndio nije kupima. Kutamka! Lugha niliyonyonya kwa mama! Nikamuuliza mbona "i" imetoka sawa kwa maiki hiyohiyo, akapita kwa mwingine kama hajasikia.

Baadaye nikasoma maelekezo yaliyomo humohumo kwenye Praat, kumbe upeo wa juu wa kutafutia fomanti unakuja umewekwa Hz 5500, ambao ni wa sauti ya mwanamke mtu mzima, mwanaume unashusha mpaka 5000 kwa sababu njia yake ya sauti kutoka kooni hadi midomoni ni ndefu zaidi na fomanti zinakaa chini. Usiposhusha, fomanti mbili za mwanzo za "u" zilivyokaribiana programu inaweza kuzihesabu kama moja, halafu ya tatu ndio inaitwa ya pili. Nikashusha, vidoti vyekundu vinavyoonyesha fomanti vikarudi mahali pake, 800 na kitu hivi. Basi!

Haki yake nimpe, somo la spektogramu, ile picha ya sauti inayoonyesha masafa yake kadiri muda unavyokwenda, kafundisha vizuri, "p" ile unaona kabisa kimya cha midomo kufungwa halafu mlipuko, zamani nilikuwa naona ukungu tu. Nilitaka hata kusema jiungeni ila vumilieni. Lakini hapana, nikikumbuka mwenzetu mmoja kaenda kununua maiki mpya kwa neno la yule mtu, hapana, msilipe. Na wanaume mliopima kwa 5500 fungueni faili zenu, "u" na "o" mzipime upya.