Choya ya pakiti: tamu kikombeni, usoni ina masharti

Wiki tatu sasa nakosha uso kwa choya, yale maua mekundu ya rosela yaliyokaushwa. Pakiti niliinunua sokoni Darajani, Unguja, kwenye duka moja la viungo, gramu 50 kwa shilingi 3,000. Nje imeandikwa "kwa chai na urembo", na hilo neno urembo ndilo lililoniponza.

Choya yenyewe imekauka vizuri, ukiivunja inalia, na rangi yake ni damu ya mzee hasa. Tatizo ni mchanga. Nilipoichuja kwa kipande cha kanga kuukuu, kitambaani kilibaki kama nusu kijiko cha tope. Kwenye kikombe mchanga unatua chini, unanywa ukabakisha. Usoni unakwaruza.

Ninavyofanya: vijiko viwili vya choya, kikombe cha maji ya moto, nafunika robo saa, naiacha ipoe kabisa na kuichuja mara mbili. Kisha nakorogea unga wa dengu mpaka uwe uji mzito, napaka, nakaa dakika kumi. Choya ina ukali wa ndimu kwa mbali, kwa hiyo inawasha kidogo mwanzo. Ukishakosha, pua haing'ai mafuta na ngozi inakuwa laini mpaka jioni. Madoa ya chunusi yapo palepale, na anayekwambia yanafutika kwa wiki basi ana kitu anauza.

Siku moja ilinidondokea kwenye taulo jeupe. Nikalivamia kwa sabuni ya mche, na lile doa jekundu likageuka buluu mbele ya macho yangu! Wekundu wa choya unakaa penye ukali tu, ukikutana na sabuni unageuka. Taulo sasa ni la jikoni.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Nilitia chai ya choya iliyobaki kwenye chupa ya kupulizia, nikaiweka mezani penye kioo. Siku ya nne ina utando juu na harufu ya tui lililochacha, na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshajipulizia. Chai ni maji yenye chakula ndani, vijidudu wanaipenda kuliko sisi. Siku hizi naigandisha kwenye vibati vya barafu, natoa kipande kimoja kimoja.

Muuzaji aliniambia niongeze ndimu "ing'arishe". Msifanye. Ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani, inababua na kuacha weusi wa wiki kadhaa. Na hata choya tupu, ijaribuni kwanza ndani ya mkono, msubiri mpaka kesho yake.

Nilichukua na pakiti ya mchaichai. Sijui niliwaza nini, mchaichai umejaa nyuma ya nyumba. Usoni haukunifanyia lolote, ila kulowekea miguu baada ya siku nzima ya kusimama, hapo nausifu.

Bibi yangu alinikuta nimepaka, akanitazama weee. "Mjukuu wangu, hiyo si ya kunywa?" Yeye mpaka leo anasugua liwa, ule mti wa kunukia, juu ya jiwe kwa marashi ya mawaridi, na ngozi yake mnaijua waliomwona.

Nitanunua tena choya, lakini ile ya kupimiwa kwenye gunia, niishike na kuipepeta mwenyewe. Ya pakiti iliyobaki nimeichemsha na tangawizi na mdalasini. Bibi ameomba kikombe cha pili.