Kikokotoo cha fedha: kipi ununue kabla ya mtihani au mkopo

Mkopo wa shilingi 1,000,000, miezi 12, riba asilimia 18, rejesho 98,333 kila mwezi. Ukichukua 1,180,000 ukagawa kwa 12, hesabu inakubali. Ila riba hiyo imepigwa kwenye mkopo mzima kana kwamba unaushika wote hadi mwezi wa mwisho, ilhali kila mwezi unarudisha sehemu yake. Riba ya kweli ni kama asilimia 2.64 kwa mwezi, yaani karibu 31.7 kwa mwaka. Kalkuleta ya dukani haikuonyeshi hilo. Ya fedha inakuonyesha kwa vitufe vichache, na ndiyo maana nataka kila mweka hazina wa saccos awe nayo mezani.

Ninayoiweka ya kwanza ni Texas Instruments BA II Plus. Kwa mkopo ule, futa hesabu ya zamani kwa 2ND na CLR TVM, kisha ingiza 12 N (idadi ya malipo), 1000000 PV (mkopo uliopokea leo), 98333.33 ukigeuza alama kwa +/- halafu PMT (rejesho), 0 FV (kinachobaki mwishoni), na mwisho CPT (kokotoa) I/Y (riba). Alama ya kutoa ni muhimu: fedha iliyoingia mfukoni ni chanya, inayotoka ni hasi. Ukiisahau utaandikiwa Error 5, na wengi hudhani mashine imeharibika.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye P/Y, idadi ya malipo kwa mwaka. BA II Plus za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na 12, mpya zina 1. Kwa vitufe vilevile, yenye 1 itakupa 2.64 na yenye 12 itakupa 31.72. Zote ni sahihi, ila mtu asiyejua ataandika jibu la mwezi mahali pa mwaka. Mimi huiacha kwenye 1 daima, nikaingiza riba ya kipindi chenyewe. Angalia pia neno BGN kwenye kioo. Linafaa kwa kodi ya nyumba inayolipwa mwanzoni mwa mwezi. Likibaki hapo kwenye mkopo wa kawaida, majibu yote yanapinda. Na ukibonyeza 2 + 3 × 4 utapata 20 badala ya 14, kwa kuwa inafuata mpangilio wa kubonyeza hadi uibadilishe iwe AOS, hali inayozidisha kabla ya kujumlisha.

Kwa miradi yenye mapato yasiyolingana, tuseme kisima au basi la abiria, tumia CF (fedha zinazoingia na kutoka kila kipindi), kisha NPV (thamani ya mradi kwa fedha ya leo) na IRR (faida ya mradi kwa asilimia). Kitufe cha AMORT nacho hukuambia baada ya rejesho la sita deni limebaki kiasi gani, na riba uliyokwisha kulipa ni ngapi. Ukienda kulipa mkopo mapema, nenda na jibu hilo mkononi.

Ya pili ni HP 12C, iliyoingia sokoni mwaka 1981 na bado inauzwa. Haina kitufe cha sawasawa: unaingiza namba, ENTER, namba ya pili, ndipo alama. Wiki ya kwanza inachosha, baadaye mkono unazoea na mabano huyahitaji tena. Kasoro yake ninayoijali ni kwamba jibu la n huizungusha kwenda juu. Mkopo wa 1,000,000 kwa asilimia 2 kwa mwezi, ukilipa 100,000, huisha kwa miezi 11.27, HP itasema 12. Kwa mkopaji si vibaya, lakini ukiirudisha hiyo 12 kwenye hesabu nyingine umeshapotea.

Anayejiandaa kwa mtihani wa CFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji, Nairobi au Dar, achague kati ya familia hizo mbili tu, kwani nyingine haziruhusiwi. BA II Plus Professional nayo inaruhusiwa. Inaongeza muda wa kurudisha mtaji na MIRR, yaani IRR iliyorekebishwa. Kama kazi yako si ya hati fungani wala uchambuzi wa miradi, usiilipie nyongeza.

Casio FC-200V naiweka ya tatu, ingawa kwa anayejifunza peke yake nyumbani ndiyo rahisi kuliko zote. Kioo chake kinakuonyesha n, I% (riba), PV na PMT kwa orodha, unashuka kwa mshale na kurekebisha ulipokosea. Kama mtihani wako una orodha ya mashine zinazokubaliwa, isome kabla ya kutoa hela.

Ukifika dukani usiridhike na boksi. Piga mkopo ule wa milioni palepale kaunta; ikikosa 2.64 au 31.72, kagua P/Y na BGN kwanza, kisha irudishe. Kwa mashine ya mtumba bonyeza kila kitufe mara mbili, hasa CPT na ENTER, maana ndivyo vinavyochakaa. Betri isikuogopeshe: BA II Plus hutumia CR2032.