Uzoefu wangu: makao ya watu wenye ulemavu, Uingereza (nyota 3 kati ya 5)

Wakazi ni 8, na 3 kati yao hunyanyuliwa kwa mashine. Usafi mzuri, chakula kizuri, wahudumu wana heshima na wanabisha hodi kabla ya kuingia chumbani. Nyota 2 nimezikata kwa ajili ya idadi ya wahudumu.

Ubaoni imeandikwa: asubuhi 4, jioni 4, usiku 2. Kwa watu 8 unaona si haba. Sasa angalia saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Anayenyanyuliwa anahitaji wahudumu 2: mmoja anaendesha mashine, mwenzake anamshika mkazi na kuhakikisha kitambaa cha kubebea hakimkati mapajani. Kumtoa kitandani, kumwogesha, kumvalisha hadi akae kwenye kiti mwendo ni dakika 40 hivi. Watatu ni saa 2 nzima. Mhudumu wa tatu anagawa dawa, na huyo hatakiwi kukatizwa, maana akikatizwa ndipo dozi zinapokosewa. Wa nne? Ni wa mkazi mmoja tu, ambaye halmashauri inamlipia mhudumu wake peke yake, lakini rota (ratiba ya zamu) imemhesabu kama wa wote. Kengele ikilia choo cha pili, hakuna wa kwenda. Uji unapoa mezani, kisha mwenye shida ya kumeza analishwa harakaharaka, na hapo ndipo watu hupaliwa.

Usiku usidanganywe na ile 2. Mmoja yuko macho, mwingine analala hapo hapo na kuamshwa kukiwa na haja. Zamu hiyo ya kulala ni nafuu kwa mwajiri: mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba saa za usingizi hazihesabiwi katika mshahara wa kima cha chini. Mkazi wa kugeuzwa na watu 2 basi ama anasubiri, ama anageuzwa na mmoja anayejiumiza mgongo.

Msitafute kiwango kwenye sheria. Kwa England, kanuni ya 18 ya kanuni za huduma za afya na jamii za mwaka 2014 inataka wahudumu wa kutosha wenye ujuzi, lakini haisemi ni wangapi. Ile ya ubaoni wameipanga wenye makao.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaipigi. Nafasi moja ya mhudumu ya saa 24 kila siku ni saa 168 kwa wiki. Kwa mkataba wa saa 37.5, ukiondoa likizo ya kisheria ya wiki 5.6, unahitaji waajiriwa 5 kuijaza, bado ugonjwa na mafunzo. Pengo hujazwa na watu wa wakala, yaani vibarua wanaoletwa na kampuni ya nje, hasa wikendi. Wachapakazi, sawa, ila asiyejua kwamba mkazi fulani hufumba jicho moja akiumwa, huyo ni nusu mhudumu.

Kabla ya kusaini, omba rota ya wiki 4 zilizopita, iliyofanyika kweli, si iliyopangwa. Katika hesabu yako mwondoe meneja, mhudumu wa mkazi mmoja na anayelala usiku. Wakisema ni siri, waambie wafiche majina, waache saa.