Mitego ya fangasi kwa fukusi wa migomba: miezi 8 kibanjani kwangu

Niko Muleba, Kagera. Vuli iliyopita upepo uliniangushia migomba zaidi ya 20, mingi ikiwa na mikungu michanga. Nilipofukua chini, matunguu yalikuwa yametobolewa kama chekeche na funza, yaani watoto wa fukusi. Nikanunua mitego 6.

Kila mtego ni ndoo ndogo yenye matundu ubavuni, unaifukia hadi matundu yalingane na ardhi. Ndani kuna kifuko cha feromoni, ile harufu ambayo fukusi dume huitoa kuwaita wenzake, madume kwa majike. Chini unamwaga unga wenye mbegu za fangasi aitwaye Beauveria bassiana. Fukusi anaingia usiku, anajipaka unga, halafu anatoka zake.

Shemeji yangu alikuja akaona wanavyotoka. "Shemeji, mwizi umemkamata, mbona unamfungulia mlango?" Nilimjibu kwamba anakwenda kuwaambukiza wengine, maana hawa hukaa wamebanana chini ya matandazo na kwenye maganda ya migomba. Hakuniamini, na mimi mwenyewe roho ilikuwa juu.

Siku ya 16 niligeuza kipande cha mgomba nilichokipasua na kukilaza chini. Palikuwa na fukusi mmoja amekauka, mweusi vilevile, lakini shingoni na kwenye viungo vya miguu ametokwa na utando mweupe kama sufi. Wazima wawili walikuwa wamemlalia. Nilimwita shemeji aje aone kwa macho yake.

Unga wa awamu ya pili ulinisikitisha. Duka la pembejeo lilikuwa limeuweka dirishani, juani, na joto huua mbegu za fangasi. Mwezi mzima sikuona hata mzoga mmoja mweupe. Sasa nauliza kwanza ulikuwa umehifadhiwa wapi, na nyumbani nauweka mahali pa baridi. Kifuko nacho huchoka baada ya mwezi hivi, na bei yake inauma kweli.

Dawa hii ni ya subira. Fukusi anaweza kuishi zaidi ya mwaka, na funza aliye ndani ya tunguu haguswi na unga, kwa hiyo bado namenya machipukizi kabla ya kupanda na kukatakata visiki vya zamani. Ila masika haya imeanguka migomba 4 tu. Nimeshaagiza vifuko vingine 6.